Jibu Swali Ulilopewa

(Maneno haya tuliyasema mbele ya wanavikundi siku ya mkutano wa wazazi na vijana. Wale ambao hawakufika walituomba tuyaandike, basi tumeyaandika karibu yote kama yalivyosemwa.)



Tuliambiwa tuzungumze juu ya vijana na mitihani ya kutafuta kazi. Lakini kabla hatujawagusa vijana, tuanze na sisi wenyewe, maana sisi pia tulianguka mtihani, tena tukiwa watu wazima wenye miwani.

Miaka michache iliyopita kikundi chetu kiliomba pesa za tangi la maji. Fomu ilikuwa na maswali sita. Swali la nne liliuliza hivi: msaada ukiisha, ni nani atatengeneza tangi likipasuka, na kwa pesa gani? Sisi tukajaza ukurasa mzima. Tukaandika jinsi akina mama wanavyoamka saa kumi usiku, jinsi mto ulivyo mbali, jinsi ng'ombe walivyokonda. Kila neno lilikuwa la kweli. Barua ikarudi imesema hatukujibu swali la nne. Tulikasirika! Kuna aliyesema wale watu wa ofisini hawana huruma. Mwezi ukapita, ndipo katibu wetu akaisoma tena ile fomu kwa sauti, polepole, na kikao kizima kikanyamaza. Kumbe hawakuuliza kama tuna shida. Waliuliza kuhusu fundi na pesa yake.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukitafuta kujua watu wanaoulizwa maswali magumu hujifunza vipi kujibu. Tumesoma huku na huku, na mahali tulipopata mengi ni India. Hapa kwetu Tume ya Utumishi wa Umma huangalia vyeti na kuita watu kwa intavyu. Mtihani wa kuandika huwapata zaidi walio kazini tayari, kama makarani wanaotaka kupanda cheo. India sivyo. Huko kazi kubwa za serikali, yaani mkuu wa wilaya kama yule DC wetu wa zamani, mkubwa wa polisi, afisa wa ubalozi, zote hupatikana kwa mtihani mmoja mkubwa ambao hufanywa kila mwaka. Mtoto wa mkulima na mtoto wa waziri huingia chumba kimoja.

Mtihani wenyewe ni wa zamani. Waingereza waliuanzisha London mwaka 1855, na Mhindi aliyeutaka ilibidi apande meli. Wa kwanza kufaulu alikuwa Satyendranath Tagore, mwaka 1863. Ilichukua hadi mwaka 1922 ndipo ukaanza kufanywa India yenyewe. Tume inayousimamia huhesabu umri wake tangu tarehe 1 Oktoba 1926.

Hatua ni tatu. Ya kwanza ni ya kuchagua jibu, karatasi mbili kwa siku moja, na kazi yake ni kuchuja watu tu. Ya pili ni ya kuandika, karatasi tisa, na kati ya hizo saba ndizo zinazohesabiwa, kila moja alama 250. Ya tatu ni mahojiano, alama 275. Jumlisheni mtapata 2,025.

Sasa sikieni hesabu ya watu. Mtihani wa mwaka 2023, walioomba walikuwa 1,016,850. Waliofika na kukaa chini wakaandika hatua ya kwanza ni 592,141. Waliovuka kwenda hatua ya kuandika ni 14,624. Walioitwa mahojiano ni 2,855. Waliochukuliwa ni 1,016. Yaani jazeni uwanja wa Kasarani, mtoe watu, mjaze tena, kama mara kumi hivi. Halafu wote wanaopata kazi muwapakie katika matatu za watu kumi na wanne. Matatu 73 zinawatosha.

Na yule aliyekuwa wa kwanza India nzima mwaka huo, mnafikiri alipata ngapi kwa mia? Mzee mmoja hapa mbele amesema 95. Alipata alama 1,099 kati ya 2,025. Ni kama 54 kwa mia. Tunawaomba wazazi waliowahi kumgombeza mtoto kwa 54 wafikirie kidogo. Alama peke yake haisemi kitu mpaka ujue karatasi ilikuwaje na wenzake walipata ngapi.

Hapo ndipo penye jambo linalowasumbua watahiniwa wa India kuliko yote, kwamba mtihani huu hautabiriki. Katika hatua ya kwanza, karatasi ya maarifa ina alama 200. Mtu asiye katika makundi yaliyotengewa nafasi, mwaka 2016 alihitaji alama 116 ili avuke. Mwaka 2019 zilitosha 98. Mwaka 2023 zikashuka hadi 75.41, na mwaka uliofuata zikapanda tena hadi 87.98. Karatasi ya 2023 ilikuwa ngumu hata wenye kujiandaa miaka mingi walitoka nje wakiwa na huzuni, na wengine wao kumbe wamefaulu.

Mtindo wenyewe pia umebadilika. Mwaka 2011 ililetwa karatasi mpya ya kusoma na kuelewa, ya kufikiri na ya hesabu. Mwaka 2013 mtihani wa kuandika ukapangwa upya, na karatasi nzima ya maadili ya kazi ikaongezwa. Mwaka 2014 vijana wakaandamana Delhi, wengi wao waliosoma kwa Kihindi, wakisema ile karatasi ya 2011 inawapendelea waliosoma kwa Kiingereza, na kwamba tafsiri ya Kihindi haieleweki. Mwaka 2015 serikali ikalegeza: karatasi hiyo sasa mtu anatakiwa apate 33 kwa mia tu, na alama zake hazijumlishwi. Sisi tunaona vijana wale walikuwa na haki. Lakini fikirini mtu aliyeanza kujiandaa mwaka 2009. Shamba alilolima lilihamishwa akiwa bado ameshika jembe.

Basi mtu afanye nini na kitu kisichotabirika? Wengine hujaribu kukitabiri. Wananunua vitabu vya maswali "yatakayokuja", wanakariri majibu mazima, wanaingia nayo chumbani kama mtu aliyebeba mwavuli na jua linawaka. Swali likija limegeuzwa kidogo, wao wanaandika lile jibu walilokuja nalo. Ndilo kosa letu la tangi. Tulikuja na jibu la shida, na shida hatukuulizwa.

Wanaofaulu, kwa kadiri tulivyosoma, hutumia nguvu zao mahali pengine. Kwanza hulisoma swali, na zaidi neno lile linaloamuru. Hebu tuchukue visima vyetu tuone, maana mfano wa India utatuchosha.

Tuseme swali ni: Taja sababu za visima kukauka. Hapo unaorodhesha. Ukataji wa miti juu ya chemchemi, mvua kupungua, visima kuchimbwa vifupi, watu kuongezeka. Kila sababu mstari mmoja au miwili, unaendelea. Hakuna anayetaka maoni yako.

Sasa tuseme swali ni: Visima hukauka kwa uzembe wa wanakijiji. Jadili. Maneno ni karibu yale yale, lakini swali ni jingine kabisa. Anayeuliza ameweka shtaka mbele yako. Lazima useme mahali lilipo kweli, kwa mfano kamati ambayo haijakutana mwaka mzima, mfuniko ulioibwa na hakuna aliyeuliza. Lazima pia useme mahali lisipo kweli, kwamba mwaka wa kiangazi hata kisima chenye kamati nzuri hushuka maji. Halafu useme wewe umesimama wapi. Aliyetoa ile orodha ya kwanza hapa atapata alama kidogo sana, ingawa hakuandika uongo hata mmoja. Na aliyekubali shtaka lote kuanzia juu hadi chini, au aliyelikataa lote kwa hasira kwa sababu na yeye ni mwanakijiji, naye hakujadili.

La tatu: Tathmini kazi ya kamati ya kisima chenu. Hapa unapima. Kupima kunahitaji kipimo. Kamati iliahidi nini, imefanya nini, maji yametoka siku ngapi, pesa za matengenezo zimekusanywa kiasi gani. Bila kipimo unasifu au unalaumu tu, kama tunavyofanya barazani.

Mnaona? Kisima ni kimoja na majibu ni matatu. Vijana, hata mkiitwa intavyu ya kazi ya ukarani au ya dukani, mambo ni hayo hayo. Ukiulizwa "kwa nini unataka kazi hii", usianze kueleza ulizaliwa wapi.

La pili ni saa. Katika karatasi nyingi za maarifa huko India kuna maswali 20 kwa saa tatu: kumi ya maneno 150 yenye alama 10 kila moja, na kumi ya maneno 250 yenye alama 15. Ni maneno 4,000 kwa mkono, jameni. Gawanyeni dakika 180 kwa 20 mtapata dakika tisa kwa swali, pamoja na kulisoma, kufikiri na kuandika. Mtu mwenye maarifa mengi ndiye huanguka hapa, kwa sababu anapenda kuonyesha. Akitumia dakika 15 kwa maswali manane ya kwanza amekula saa mbili, na maswali 12 yanabaki na dakika tano tano. Ya mwisho hayagusi kabisa.

Walimu mlio hapa mnajua kwamba alama za kwanza katika swali ndizo za bei nafuu. Kutoka sifuri kufika nne kunahitaji hoja mbili tatu zilizo sawa. Kutoka sita kufika saba kunahitaji jasho. Kwa hiyo anayeacha maswali matatu wazi ili apambe matatu mengine ameuza ng'ombe akanunua kengele yake. Ndiyo maana wale wenye uzoefu hujizoeza kwa saa ukutani miezi mingi, wakiandika jibu zima kwa dakika tisa, wakimpa mwenzao asome. Tume haiwapi majibu ya mfano ya maswali hayo ya kuandika. Jicho la mwenzako ndilo kioo.

La tatu ni kubahatisha, na hili akina mama wa soko watalielewa upesi kutuzidi. Katika ile karatasi ya maarifa ya kuchagua, kila swali lina majibu manne. Ukipata, unapewa alama 2. Ukikosa, unakatwa theluthi ya hizo mbili. Ukiacha wazi, hukatwi kitu. Sasa mtu asiyejua chochote abahatishe maswali 12. Kwa kawaida ya bahati atapata 3, ni alama 6. Atakosa 9, atakatwa alama 6. Amefanya biashara siku nzima akarudi nyumbani na pesa ile ile aliyotoka nayo, na pengine siku hiyo bahati ilikuwa mbaya akarudi na deni.

Lakini akijua jibu moja kati ya manne haliwezekani, akalifuta, bahati inageuka. Katika 12 atapata 4, alama 8, na atakatwa 5 na kitu. Faida ndogo. Akifuta mawili, atapata 6, alama 12, atakatwa 4. Hiyo sasa ni faida ya kweli. Kwa hiyo ukijua kidogo unaweza kubahatisha, na usipojua kabisa unaacha. Ni hesabu ya dakika mbili, lakini wengi huifanya wakiwa wameshatoka nje.

Haya, tumefika mahali pagumu, na hapa tunasema na wazazi na vikundi.

Hata mtu akifanya hayo yote, bado anaweza kuanguka. Msimwambie kijana kwamba anayefanya bidii lazima afaulu, kwa sababu si kweli na yeye anajua si kweli. Katika ule mtihani wa 2023, watu 2,855 walifika mahojiano, na 1,839 kati yao walirudi nyumbani mikono mitupu, baada ya kuwashinda zaidi ya nusu milioni. Je, hao ni wajinga?

Baadhi yenu mmeona kwenye simu ile sinema ya India iliyotoka mwaka 2023, iitwayo 12th Fail. Inaeleza maisha ya Manoj Kumar Sharma, aliyeanguka darasa la kumi na mbili akaja kuwa afisa mkubwa wa polisi baada ya kujaribu mtihani huu mara nne. Ni sinema nzuri, nasi tulifuta machozi. Lakini sinema humfuata mmoja aliyefika. Wale mamia waliobaki hawapigwi picha.

Huko Delhi kuna mitaa, kama Mukherjee Nagar na Old Rajinder Nagar, iliyojaa vijana wanaojiandaa. Wanalala katika vyumba vidogo vilivyogawanywa kwa mbao, wanalipa karo za masomo ya ziada, na nyumbani baba ameuza kipande cha shamba. Tarehe 27 Julai 2024 mvua kubwa ilinyesha Old Rajinder Nagar, maji yakaingia kwenye maktaba iliyokuwa chini ya ardhi ya jengo la masomo, na watahiniwa watatu wakafa maji. Walikuwa wamekaa kusoma.

Tunasema hivi kwa sababu katika kikundi chetu kuna mama aliyekuja kuomba mkopo wa tatu. Mwanawe alirudia mtihani wa kidato cha nne, akarudia tena, na sasa anataka mara nyingine. Kikao kiligawanyika. Wengine walisema tusimkatishe kijana tamaa. Wengine walisema pesa za kuzungushiana si za mtu mmoja. Mama akakaa pale akiangalia chini, na sisi hatukuwa na kipimo chochote cha kumjibu, kwa hiyo tuliahirisha, na kuahirisha nako ni namna ya kukataa bila kusema. Hatujivunii siku hiyo.

Tume ya India ina kipimo. Mtu asiye katika makundi yaliyotengewa nafasi hujaribu mara sita, na umri usizidi miaka 32. Makundi mengine yameongezewa mara au miaka. Sisi tunaona sita ni nyingi mno, maana ni miaka ya ujana ambayo hairudi. Lakini angalau idadi inajulikana kabla mtu hajaanza, na hakuna anayekatwa kwa sababu siku hiyo mwenyekiti ameamka vibaya. Kikundi chetu kimeamua hivi sasa: kabla ya kutoa mkopo wa kwanza wa masomo ya kurudia, mzazi na kijana wakae na kamati, waandike watajaribu mara ngapi, na kijana atakuwa akifanya kazi gani katikati. Kuku, useremala, kushona, chochote. Yule mama tumemwita tena. Safari hii tulikaa naye na mwanawe pamoja, jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo, na ni kijana mwenyewe aliyesema mara moja zaidi, kisha basi. Mkopo umetolewa.

Kuhusu tangi, tumeomba upya. Jibu la swali la nne safari hii ni mistari mitano: jina la fundi, bei yake, shilingi ngapi kila nyumba italipa kwa mwezi, nani ameshika kitabu, na ufunguo unakaa kwa nani. Hatujapata barua bado.

Mkutano ujao kila kikundi kije na kalamu na daftari, na mwenye saa yenye mshale wa sekunde aje nayo. Tutatoa swali moja na dakika tisa, kisha mtabadilishana madaftari na jirani. Vijana waketi mbele. Swali la kwanza ni lile lililotuangusha sisi: tangi likipasuka, nani atalitengeneza, na kwa pesa gani?